Alfred Büchi: Mswisi Aliyeutia Moshi Kazini

Meli kubwa za dizeli zitiazo nanga Kilindini, ziwe zimeleta mchele au magari, zinakwenda kwa maarifa ya mtu ambaye jina lake ni nadra kutajwa barazani. Naye ni Alfred Büchi, mzaliwa wa Uswisi, nchi isiyo na bahari. Nimeona leo tumzungumze, wasomaji wangu, kwa kuwa vijana wetu wa bodaboda siku hizi wanakitaja sana chombo alichokibuni, yaani turbo, na wengine wanataka kukifunga katika pikipiki ndogo kwa mikono yao wenyewe.

Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 katika mji wa Winterthur. Ulikuwa mji wa viwanda, na baba yake alikuwa mtu mkubwa katika kampuni ya Sulzer iliyounda mitambo. Mtoto akakua kwenye mlio wa nyundo na harufu ya mafuta. Alisoma uhandisi katika chuo cha ufundi cha Zürich, akahitimu mwaka 1903, kisha akenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Lililomkera kijana huyu lilikuwa israfu. Injini za zama zile zilikula mafuta, lakini sehemu kubwa ya joto lake ilipotea bure, nyingine katika maji ya kupozea na nyingine katika bomba la moshi. Wengine waliuona moshi ule kuwa ni taka. Büchi aliuona kuwa ni nguvu iliyokosa kazi.

Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 26 tu, aliandikisha uvumbuzi wake Ujerumani. Fikra yenyewe ukielezwa utaiona nyepesi. Moshi unapotoka kwa kasi huzungusha pangaboi dogo. Pangaboi hilo limeungwa kwa shafti na jingine, na hilo la pili huivuta hewa safi na kuisukumiza kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka bila ya kuikuza injini. Ni kama mpishi apepeaye seredani: makaa ni yaleyale, lakini moto si ule.

MIAKA 20 YA SUBIRA

Kuwaza ni jambo moja na kutenda ni jingine. Büchi alirejea kwao, akafanya kazi Sulzer, na mwaka 1911 akaanza majaribio. Mtambo wa mwaka 1915 haukufaulu, kwani haukuweza kuisukuma hewa ya kutosha. Moshi ulikuwa wa moto mno, na vyuma na mapangaboi ya wakati ule hayakuwa mazuri vya kutosha. Mtu mwingine angeliviweka vitabu kabatini akatafuta kazi nyingine.

Yeye hakuacha. Mwaka 1925 alipata ufunguo. Aligundua kwamba moshi hautoki kama maji ya mfereji bali hutoka kwa mapigo, kila silinda na pigo lake, na mapigo hayo yakikutana katika bomba moja hugombana. Basi akayagawa mabomba, kila kundi la silinda likawa na njia yake mpaka kwenye turbo. Meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilitiwa chombo hicho, na injini zao za silinda 10 zikapanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Mwaka 1926 ukaundwa ushirika wa kuieneza kazi yake, na mwaka 1938 chuo chake cha Zürich kikampa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1959 huko huko Winterthur.

PIKIPIKI YA SILINDA MOJA

Sasa turudi kwa vijana wetu. Mmoja aliniletea turbo kuukuu iliyong'olewa katika gari, akitaka kuifunga katika pikipiki yake ya 125. Nilimwambia tupige hesabu kwanza. Injini ile, ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, huvuta pumzi mara 4,000, nayo yote haizidi lita 500 za hewa. Turbo ya gari imezoea hewa mara kadhaa ya hiyo. Moshi wa pikipiki ndogo utalizungusha pangaboi lake kivivu, na faida haitaonekana.

Tena silinda ni moja. Moshi hupiga pigo moja kila mizunguko miwili, kisha kimya, na hewa nayo huvutwa mara moja kisha mlango ukafungwa, ilhali turbo inataka kusukuma mfululizo. Yapasa kuweka chombo cha kuihifadhi hewa baina ya turbo na injini, mfano wa birika lingojalo wenye ndoo. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, wameijaribu njia hiyo kwa injini za dizeli za silinda moja. Kwa hivyo si muhali, lakini si kazi ya kukisia.

Na hatari ipo. Turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na yahitaji oili safi yenye msukumo wakati wote. Petroli ikishindiliwa na hewa nyingi huwaka kabla ya wakati, injini ikagonga, na pistoni huweza kutoboka. Breki na fremu za pikipiki ile ziliundwa kwa nguvu ndogo, na nyuma huenda amepakiwa mama na mwanawe.

Simkatazi kijana kujaribu. Elimu ya ufundi haipatikani kwa kukaa. Lakini Büchi alifanya majaribio yake kiwandani, akapima, akashindwa, akapima tena, na miaka 20 ikapita kabla abiria hawajapanda meli yenye chombo chake. Kijana wetu naye achukue injini kuukuu, aifunge imara uani, aijaribu hapo mpaka aijue tabia yake. Barabara ya Malindi si mahali pa kujifunzia.