Chico Mendes: Mgema mpira aliyetaka msitu ubaki na wenyeji wale
Chico Mendes alizaliwa mwaka 1944 huko Xapuri, jimbo la Acre, Brazil, akaanza kugema utomvu wa mpira tangu utotoni. Wafugaji wakubwa walipofyeka msitu ili kupata malisho, aliwaongoza wenzake kuwazuia wakata miti. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi: mpira na njugu za msituni huvunwa kila mwaka bila kuangusha mti. Hivyo wagema walidai hifadhi ambamo wenyeji wanabaki na kuvuna. Desemba 22, 1988 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Mfugaji mmoja na mwanawe walihukumiwa. Mwaka 1990 serikali ilitenga hifadhi yenye jina lake, karibu hekta milioni moja. Hata hivyo, bei ya mpira ilipoanguka, baadhi ya wakazi waligeukia ng'ombe. Hifadhi ya namna hii inahitaji soko la mazao yake.