Tom Mboya: Kazi Moja, Mishahara Miwili

Makomredi, wengi wetu tunamjua Tom Mboya kwa sanamu yake pale Moi Avenue na zile ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani. Mimi ninayesomea ualimu namkumbuka zaidi kama mfanyakazi aliyepunjwa.

Alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, baba yake akiwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Alisoma Mang'u, pesa za kuendelea zikakosekana, basi akaenda Nairobi kusomea ukaguzi wa afya. Baraza la Jiji likamwajiri. Hapo ndipo alipoona maajabu: bwana afya Mzungu na bwana afya Mwafrika walifanya kazi ileile, lakini Mwafrika alipata kama sehemu moja kwa tano ya mshahara wa mwenzake. Siku moja mama mmoja Mzungu aliingia ofisini, akamwona Mboya, halafu akauliza eti kama kuna mtu humo ndani.

Angeweza kuwanyenyekea wakubwa apate kaupendeleo kake. Hakufanya hivyo. Aliwakusanya wenzake, wakakigeuza chama chao cha wafanyakazi kuwa chama halisi cha kutetea haki za watumishi wa serikali za mitaa. Haikuwa rahisi, manake hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952 na kila mkutano ulitiliwa shaka. Mwaka 1953 aliacha kazi ya baraza, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi akiwa na miaka 23 tu. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, aliwasaidia kujadiliana, wakapata nyongeza. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vilitia saini mkataba wa jinsi ya kusuluhisha migogoro kazini. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38.

Sasa tufikirie sisi. Tukihitimu, wengi tutaingia darasani kwa mkataba wa muda: vipindi vilevile, madaftari yaleyale ya kusahihisha, mshahara mdogo kuliko wa jirani yako wa stafurumu. Mwingine atapata nafasi kwa kujuana. Ukienda kwa mkuu peke yako, utaitwa msumbufu. Ulizaneni kwanza kila mtu analipwa ngapi, muandike, kisha muende pamoja.