Atiman wa Karema, Mganga Aliyesikilizana na Watu

Katika Kiswahili chetu watu wanaopatana husemwa kwamba wanasikilizana. Neno hili lina hekima kubwa. Halisemi kwamba mmoja anaamuru na mwingine anatii, wala kwamba wote wawili wana maneno matamu. Lasema kwamba kila mmoja amempa mwenzake sikio. Leo twapenda kueleza maisha ya mtu aliyeonyesha kwa matendo maana ya neno hili: Adrian Atiman, mganga na katekista wa Karema.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo sasa yaitwa Mali. Alipokuwa bado mtoto alinyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria alikombolewa kwa fedha na Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie, nao wakamlea na kumsomesha. Baadaye alipelekwa kisiwani Malta kujifunza udaktari, kwa kuwa Kardinali Lavigerie alitaka Waafrika wawe waganga na walimu wa Waafrika wenzao.

Mwaka 1889, baada ya safari ndefu ya msafara kutoka pwani, Atiman aliwasili Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kituo hicho kilikuwa kimejengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakakikabidhi kwa mapadre mwaka 1885. Hapo ndipo alipofanya kazi miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Tusidhani kwamba rangi ya ngozi yake ilimrahisishia kila jambo. Kati ya Niger na Tanganyika pana upana wa bara zima. Kwa Wabende na Wafipa yeye alikuwa mgeni: lugha ya mama yake haikujulikana kwao, na elimu yake aliipata ughaibuni. Tena kazi ya mganga haianzi na kisu wala dawa. Yaanza na maneno ya mgonjwa. Na maneno ni mtego kwa asiyeyazoea. Hata katika Kiswahili, mtu akisema kwamba moyo unamchafuka, ana maana kwamba ataka kutapika. Mganga aliyejua maana ya neno moyo kitabuni tu angempima mapigo ya moyo, na mgonjwa angerudi nyumbani na tumbo lake vilevile. Neno amelisikia, lakini maana imempita.

Maana ya namna hiyo haipatikani katika kamusi peke yake. Hupatikana kwa kukaa. Naye Atiman alikaa. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, hata wenyeji wakawa wakwe na shemeji zake. Mtoto wao Joseph alipata upadre mwaka 1923. Tena, ingawa alikuwa na elimu ya Ulaya, hakuona haya kujifunza mitishamba ya waganga wa kienyeji. Jambo hili twaliona kuwa kubwa sana. Mwenye elimu hupenda kusema. Ni vigumu kwake kuuliza. Lakini anayeuliza humheshimu anayemwuliza, na aliyeheshimiwa hufungua kinywa chake.

Wataalamu wa nyakati za baadaye wamelifikiri jambo hili hilo. Mwaka 1975 mwanachuoni wa Marekani, James Carey, aliandika kwamba kuna njia mbili za kuyatazama mawasiliano. Ya kwanza huyaona kama kupeleka mzigo: huyu atuma, yule apokea, kazi imekwisha. Ya pili huyaona kama kushiriki: watu wakutana, wazungumza, na katika kuzungumza wanajenga na kutunza ulimwengu wanaouishi pamoja. Akakumbusha kwamba neno la Kizungu la mawasiliano lina shina moja na maneno ya jumuiya na komunyo. Atiman alikwisha kufariki miaka 19 kabla ya maandishi hayo, lakini kwa maisha yake alikuwa amechagua njia ya pili.

Kwa nini tunayakumbusha haya? Kwa sababu mkoa wa Katavi wa leo ni nchi ya watu waliotoka mahali pengi. Wako wenyeji wa asili. Wako wafugaji waliofika na ng'ombe wao. Wako waliokimbia mauaji ya Burundi kuanzia mwaka 1972, wakatulizwa Katumba na Mishamo, na ambao kwa maelfu wakapewa hati za uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014. Hati ni kitu chema, na serikali ilifanya vema kuitoa. Lakini hati humfanya mtu raia, haimfanyi jirani. Ujirani huja kisimani, sokoni, msibani na penye mashauri ya mipaka ya shamba, pale mtu anapomwuliza mwenzake ana maana gani kabla ya kumhukumu. Mahali pasipokuwa na kuulizana, neno dogo lisiloeleweka hugeuka kuwa tusi, na tusi hugeuka kuwa ugomvi wa koo mbili.

Ni vivyo hivyo nyumbani. Baba anayetoa amri tu amepeleka mzigo. Hajazungumza na watoto wake. Mume na mke wanaoweza kuishi mwezi mzima kwa kuagizana unga na ada ya shule wana maneno mengi, lakini hawasikilizani. Basi, wazazi wapenzi, jioni chakula kikiisha, msiondoke upesi. Mwulizeni mtoto, kisha mngojeni ajibu hadi mwisho.

Atiman aliletwa katika maisha haya na watu waliomwuza bila kumwuliza neno. Yeye naye alitumia miaka 67 kuwauliza wengine wanaumwa wapi. Ndiyo maana Karema haimkumbuki kama mgeni.