Marie Curie: mama aliyegundua radiumu, na mawe ya Shinkolobwe

Tarehe 4 Julai 1934, Marie Curie alikufa huko Sancellemoz, hospitali moja ya milimani inchini Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 66. Mwili wake haukuweza tena kutengeneza damu ya kutosha, kwa sababu ya mionzi aliyotumika nayo kwa zaidi ya miaka 30. Jina lake linafundishwa katika masomo duniani kote. Kwetu Congo lina uzito wa pekee, kwani radiumu aliyoigundua ndiyo iliyofanya mawe ya Katanga yatafutwe, miaka mingi kabla ya bomu la atomiki.

Alizaliwa Warsaw, Poland, tarehe 7 Novemba 1867, kwa jina la Maria Skłodowska. Wakati ule muji huo ulitawaliwa na Warusi, na chuo kikuu chake hakikupokea wasichana. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu Maria akiwa na miaka 10. Feza zilikuwa chache, basi Maria na dada yake Bronia wakapatana: Maria atumike kwanza kama mwalimu katika nyumba za matajiri, amlipie Bronia masomo ya uganga Paris, kisha Bronia naye amsaidie. Mapatano yalishikwa. Mwaka wa 1891 Maria alipanda treni kwenda Paris, na mwaka wa 1893 akawa wa kwanza katika mtihani wa fizikia kwenye Sorbonne.

Mwaka wa 1895 aliolewa na Pierre Curie, mtaalamu wa fizikia. Mwaka uliofuata, Henri Becquerel aligundua kwamba uraniumu hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Marie alichagua jambo hilo kwa masomo yake ya udaktari. Kwa chombo kilichotengenezwa na Pierre na kaka yake, alipima umeme mdogo sana ambao mionzi hiyo huuamsha hewani. Akakuta ajabu: jiwe la uraniumu, kama linavyotoka mgodini, lilikuwa na mionzi mikali kuliko uraniumu safi. Basi ndani ya jiwe mlikuwa na kitu kingine, kisichojulikana na mtu yeyote. Mwezi wa Julai 1898, yeye na Pierre walitangaza poloniumu, waliyoipa jina la Poland. Mwezi wa Desemba wakatangaza radiumu.

Wataalamu wa kemia walitaka kuiona kwa macho. Marie akaleta tani za mabaki ya mawe kutoka mgodi wa Joachimsthal, uliokuwa katika dola la Austria. Alitumika katika kibanda kibovu chenye paa linalovuja, akichemsha mawe ndani ya vyungu na kuyakoroga kwa chuma kirefu. Mwaka wa 1902, baada ya kazi hiyo yote, alipata sehemu moja tu ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiumu.

Mwaka wa 1903, kamati ya Nobel ilitaka kumtuza Pierre na Becquerel pekee. Pierre alipopata habari, alidai mke wake asiachwe, na Marie akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo. Mwaka wa 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi barabarani Paris, akafa. Marie alibaki na watoto wawili wasichana, akachukua darasa la mume wake, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka wa 1911 Akademia ya sayansi ya Ufaransa ilikataa kumpokea. Mwaka uleule alipewa Nobel ya pili, ya kemia. Wakati wa vita ya 1914-1918, alitengeneza magari yenye mashini za kupiga picha za mifupa, akaenda nayo karibu na mstari wa mapigano pamoja na binti yake Irène.

Marie na Pierre walikataa kujiwekea haki ya njia yao ya kutoa radiumu. Kila mtu aliweza kuitumia bure, na viwanda vikatajirika. Mwaka wa 1921, gramu moja iliuzwa dola 100 000 hivi, na mgunduzi mwenyewe hakuweza kuinunua. Wanawake wa Marekani walichanga, na Raisi Warren Harding akamkabidhi gramu hiyo.

Lakini mwaka wa 1915 jiwe lenye uraniumu nyingi sana lilikuwa limepatikana Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kuanzia 1922, kampuni ya Union Minière ilitoa radiumu yake huko Olen, Ubeljiji, kwa mawe yaliyochimbwa na Wacongomani. Bei ikashuka. Mwaka wa 1929, dola 50 000 zilitosha kumpatia Marie gramu ya pili, kwa ajili ya taasisi ya Warsaw.

Waganga walitumia radiumu kupigana na kansa. Wakati huohuo, vidole vya Marie viliungua na macho yake yakaharibika, lakini kwa muda mrefu hakutaka kukubali kwamba radiumu ndiyo ya kulaumiwa. Irène, aliyepata Nobel mwaka wa 1935, alikufa kwa kansa ya damu mwaka wa 1956. Madaftari ya Marie bado yana mionzi, yanawekwa ndani ya masanduku ya risasi. Nguvu ya radiumu hupungua nusu tu baada ya miaka 1 600.

Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa rasmi kwa amri ya raisi mwezi wa Januari 2004. Wachimbaji wadogo waliendelea kuingia, na mwezi wa Julai mwaka huo udongo uliporomoka na kuua watu. Mionzi hainuki wala haionekani. Katika kibanda chake cha Paris, Marie Curie hakuwa na mtu wa kumwonya, kwani hakuna aliyejua. Leo inajulikana, na mchimbaji anayebeba jiwe hilo mgongoni ana haki ya kuambiwa.