Abebe Bikila: Bingwa wa peku aliyeandamwa na majeraha

DUNIA inamkumbuka Abebe Bikila kwa jioni moja tu. Ni jioni ya Septemba 10, 1960 mjini Rome, Italia, askari mwembamba kutoka Ethiopia alipokimbia kilometa 42 na ushei bila viatu na kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, imefunika sehemu kubwa ya maisha yake. Nyuma ya mkimbiaji yule wa peku yupo mwanamichezo ambaye, tangu mwaka 1964 hadi kifo chake, aliandamwa na ugonjwa, majeraha na hatimaye ajali iliyomnyang'anya miguu iliyompa jina.

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, karibu na mji wa Debre Berhan, katika nyanda za juu za Shewa. Alikuwa mtoto mdogo majeshi ya Italia chini ya Benito Mussolini yalipoivamia nchi yake mwaka 1935. Alikulia katika familia ya wafugaji, na alipofikia utu uzima alikwenda Addis Ababa na kujiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie.

Ni katika kikosi hicho alikokutana na Onni Niskanen, mwalimu wa michezo kutoka Sweden aliyekuwa akiwanoa wanariadha wa Ethiopia. Niskanen aliona kwa askari huyo mambo mawili yasiyopatikana kirahisi kwa mtu mmoja: pumzi ndefu na utulivu wa akili. Alimzoesha kukimbia kwa hesabu, kilometa kwa kilometa, bila kuhangaishwa na mbio za wengine.

Wakati anafika Rome, hakuna aliyemtaja miongoni mwa waliopewa nafasi ya kushinda. Viatu alivyojaribu havikumkaa vizuri, naye alikwishazoea kufanya mazoezi peku. Akaamua kuviacha. Mbio zilianza jioni na kumalizikia gizani, chini ya Tao la Constantine, njia ikimulikwa kwa mienge. Abebe alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mwanadamu aliyewahi kuuweka katika marathoni, na kumwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco kwa sekunde 25.

Kwa Waethiopia, ushindi huo ulikuwa na uzito wa pekee. Ulipatikana katika mji mkuu wa taifa lililoikalia nchi yao kimabavu kati ya mwaka 1936 na 1941, na njia ya mbio ilipita kwenye mnara wa kale wa Aksum ambao majeshi ya Mussolini yaliupora. Mnara huo ulirejeshwa Ethiopia mwaka 2005.

Umaarufu haukumwepusha na misukosuko. Desemba 1960, miezi mitatu tu baada ya Rome, viongozi wa kikosi chake walijaribu kumpindua Mfalme na kushindwa. Abebe naye alishikiliwa kwa muda kabla ya kuachiwa. Alirejea kwenye mazoezi, akashinda marathoni nyingine kadhaa nje ya nchi, na mwaka 1963 alishika nafasi ya tano mjini Boston, Marekani. Hizo ndizo mbio pekee za kimataifa za marathoni ambazo alizimaliza bila kushinda.

Mtihani wa kwanza wa mwili wake ulikuja katika wakati mbaya kuliko wote. Katikati ya Septemba 1964, zikiwa zimebaki takriban wiki tano kabla ya marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, alipatwa na maumivu makali ya tumbo. Madaktari walibaini ugonjwa wa kidole tumbo na kumfanyia upasuaji. Kwa hesabu za kawaida, safari ya Japan ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Abebe alianza kutembea, kisha kukimbia taratibu, kidonda kikiwa bado kibichi. Oktoba 21, 1964 alijipanga pamoja na wenzake jijini Tokyo, safari hii akiwa amevaa viatu. Alipovuka nusu ya njia, mbio zilikuwa zimekwisha kuamuliwa. Aliingia uwanjani peke yake kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, muda mwingine bora kuliko wote duniani, na mshindi wa pili, Basil Heatley wa Uingereza, alifika dakika nne baadaye. Wakati huo Abebe alikuwa kwenye nyasi akinyoosha viungo, kana kwamba ndiyo kwanza anajiandaa kukimbia.

Kwa ushindi huo akawa mtu wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mara mbili. Ni Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki na Eliud Kipchoge wa Kenya pekee waliofikia hatua hiyo baadaye. Serikali ya Ethiopia ilimzawadia gari dogo aina ya Volkswagen. Hakuna aliyejua kwamba zawadi hiyo ingekuja kuingia katika historia yake kwa njia ya huzuni.

Baada ya Tokyo, mashabiki waliendelea kumhesabu kuwa hashindiki, lakini miguu yake ilianza kusema jambo jingine. Mwaka 1967, katika mbio za Zarautz nchini Hispania, aliumia misuli ya nyuma ya paja na kulazimika kujitoa. Jeraha hilo halikupona sawasawa. Mapema mwaka 1968 alipelekwa Ujerumani kwa matibabu ya mguu, huku Olimpiki ya Mexico ikikaribia.

Hapo ndipo ulipo mkasa unaowakumba wanamichezo wengi wakubwa. Taifa zima lilikuwa likimsubiri alete dhahabu ya tatu, na jina lake pekee lilitosha kumpa nafasi katika timu. Afya yake haikuwa tena ya mshindi. Alikuwa na umri wa miaka 36, mguu ukiuma, na alitakiwa kukimbia katika jiji lililo zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari.

Oktoba 20, 1968, baada ya kilometa 17 hivi, Abebe aliacha mbio. Mwenzake Mamo Wolde aliendelea na kuipa Ethiopia dhahabu ya tatu mfululizo ya marathoni. Hivyo heshima ya taifa ilibaki mikononi mwa Waethiopia, ingawa bingwa wa zamani aliitazama akiwa pembeni.

Watanzania wana sababu ya kuzikumbuka mbio hizohizo. Ndizo ambazo John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, na bado akachechemea hadi uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Dunia ilimsifu Akhwari kwa kutokukata tamaa, na ilistahili kufanya hivyo. Ni wachache waliomsifu Abebe kwa kusimama. Hata hivyo, kwa mtu aliyekwisha kushinda akiwa ametoka kwenye kisu cha daktari, kukubali kwamba siku hiyo mwili hauwezi nako kulihitaji ujasiri.

Usiku wa Machi 22, 1969, miezi mitano tu baada ya Mexico, Abebe alipata ajali akiendesha gari lake la Volkswagen. Alikaa humo akiwa amenasa hadi asubuhi alipookolewa. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia, na hakuweza kutembea tena.

Alisafirishwa hadi Hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, iliyobobea katika majeraha ya uti wa mgongo, na kukaa huko miezi kadhaa. Mikono, ambayo mwanzoni nayo ilikuwa imepooza, ilirudisha nguvu. Miguu ilibaki vilevile.

Stoke Mandeville ilikuwa pia kitovu cha michezo ya watu wenye ulemavu. Ni hapo ambapo daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya kwanza ya wagonjwa wake mwaka 1948. Mashindano hayo yalikua hadi kufanyika Rome Septemba 1960, siku chache tu baada ya Abebe kushinda katika mji huohuo. Michezo iliyokuwa ikianza Rome wakati yeye akirudi nyumbani kwa shangwe sasa ndiyo iliyompokea.

Mwaka 1970 alishiriki Michezo ya Stoke Mandeville katika kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Alicheza pia mpira wa meza, na baadaye nchini Norway alishinda mbio za vigari vya theluji vinavyovutwa na mbwa. Wapo waliomwonea huruma kumwona bingwa wa marathoni akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Yeye aliendelea kushindana kwa viungo alivyobakiwa navyo.

Mwaka 1972 alialikwa kuwa mgeni wa heshima katika Olimpiki ya Munich, Ujerumani Magharibi. Umati ulisimama kumshangilia. Alimshuhudia Mamo Wolde, akiwa na umri wa miaka 40, akipata medali ya shaba, huku Frank Shorter wa Marekani akitwaa dhahabu. Shorter, baada ya kupokea medali, alikwenda kumpa mkono mzee huyo wa marathoni.

Abebe alifariki dunia Oktoba 25, 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ajali ile. Alikuwa na umri wa miaka 41. Maelfu ya watu walijitokeza Addis Ababa kumzika, Mfalme Haile Selassie akiwa miongoni mwao. Uwanja mmoja wa jiji hilo ulipewa jina lake.

Mwaka 2010, Marathoni ya Rome ilipoadhimisha miaka 50 ya ushindi wake, Mwethiopia Siraj Gena alivua viatu alipokaribia utepe na kumaliza akiwa mshindi kwa miguu mitupu. Ilikuwa heshima nzuri kwa kijana yule wa mwaka 1960. Heshima nyingine anayodaiwa Abebe ni ya kumkumbuka pia kama mgonjwa wa Tokyo, majeruhi wa Mexico na mlenga shabaha wa Stoke Mandeville, kwa kuwa katika siku hizo alishindana akiwa na kidogo kuliko wakati wowote.