Daphrose Mukansanga Rugamba: mke na mama aliyekesha na wanawe usiku wa 6 Aprili

Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, Rwanda huanza juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kwa Wakatoliki wengi wa nchi hiyo jirani, tarehe hiyo ni pia siku ya kuikumbuka nyumba moja mjini Kigali, ambamo mama mmoja, mumewe na watoto wao sita waliuawa asubuhi ya siku ya kwanza kabisa. Jina la mume, Cyprien Rugamba, lilijulikana nchi nzima kwa sababu ya nyimbo zake. Jina la mke, Daphrose Mukansanga, lilikaa kimya kwa muda mrefu, kama yalivyokaa kimya maisha yake mwenyewe.

Daphrose alizaliwa mwaka 1944 kusini mwa Rwanda, katika eneo ambalo baadaye lilijulikana kama mkoa wa Gikongoro. Alilelewa katika imani ya Kikatoliki, akasoma, kisha akawa mwalimu. Kwa msichana wa kizazi chake hilo halikuwa jambo dogo. Miaka ya ujana wake ndiyo miaka ambayo Rwanda ilipinduka: ufalme uliondolewa, uhuru ukapatikana mwaka 1962, na maelfu ya Watutsi wakauawa au kukimbilia Burundi, Uganda, Kongo na Tanganyika. Mwishoni mwa mwaka 1963 Gikongoro yenyewe ilikumbwa na mauaji makubwa.

Ndoa yake ilizaliwa ndani ya msiba huo. Cyprien, aliyezaliwa karibu mwaka 1935, alikuwa amepitia seminari akikusudia kuwa padri, kisha akaacha na kusomea historia nchini Burundi na Ubelgiji. Msichana aliyekuwa amemchumbia kwanza aliuawa katika machafuko ya miaka hiyo. Daphrose alikuwa jamaa wa marehemu, na Cyprien akaja kumposa yeye. Walifunga ndoa mwaka 1965. Ni rahisi kuona ugumu uliokuwa ukimngoja bibi arusi huyo: aliingia nyumba ambayo kivuli cha mwingine kilikuwa kimetangulia kuingia, na mwanamume aliyempokea alikuwa amekwisha kuipoteza imani iliyompeleka seminari.

Kilichofuata kinasimuliwa leo bila kufichwa, kwa sababu wenyewe walikisimulia wakiwa hai. Muda si mrefu baada ya arusi, Cyprien alimrudisha mkewe kwa wazazi wake kutokana na masingizio yaliyosemwa juu yake. Katika milima ya Rwanda, mke aliyerudishwa kwao hubeba aibu ya nyumba mbili, ya alikotoka na ya alikokwenda. Daphrose alikaa huko miezi kadhaa kabla ya kurejeshwa. Aliporudi, ndoa haikuwa imepona. Mumewe alikuwa msomi anayepanda haraka, mtunzi wa mashairi na nyimbo za Kinyarwanda, mwanzilishi wa kundi la ngoma la Amasimbi n'Amakombe, na baadaye mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi mjini Butare. Nje ya nyumba alipigiwa makofi. Ndani, mkewe alijua kwamba hana uaminifu kwake, na kwamba sala za Daphrose zilikuwa kwake jambo la kudharauliwa.

Hali hiyo ilidumu takribani miaka kumi na saba. Daphrose alizaa, akalea, akawafundisha watoto wake kusali, akaenda Misa bila mume. Kwa jumla walijaliwa watoto kumi. Wanaosimulia habari zake wanakubaliana kwamba hakuacha kumwombea mumewe abadilike.

Hapa inafaa kusema jambo moja kwa uwazi, maana kisa hiki huhubiriwa mara nyingi mbele ya wanawake wenye ndoa ngumu. Haitoshi kuwaambia wavumilie kama Daphrose. Yeye hakuuita uovu wema, na kisa chake hakikuishia kwenye uvumilivu wake. Nusu ya pili ni toba ya mume, na anayeisimulia nusu ya kwanza peke yake amewabebesha wanawake mzigo ambao mama huyu hakuwahi kumtwika mtu.

Toba hiyo ilikuja mwaka 1982. Cyprien alishikwa na maradhi mazito, na yule mtu aliyeishi kwa sauti, kalamu na ngoma akajikuta hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Katika udhaifu huo alirudi kwa Mungu, na kwa kurudi kwa Mungu akarudi kwa mkewe. Alimwomba msamaha, naye akasamehe. Tangu hapo watu waliowafahamu waliona ndoa nyingine kabisa. Nyimbo za Cyprien ziligeuka, nyingi zikawa za kumsifu Mungu na Bikira Maria, na baadhi huimbwa makanisani hadi leo. Jambo gumu zaidi kwa mtu wa cheo chake lilikuwa kukiri makosa yake mbele ya wengine, naye alilifanya.

Mwaka 1989 wanandoa hao walikwenda Paray-le-Monial nchini Ufaransa, mahali pa hija penye uhusiano na ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na huko wakakutana na Jumuiya ya Emmanuel, iliyoanzia Paris katika miaka ya 1970. Mwaka uliofuata waliianzisha Rwanda. Nyumba yao, ambayo sasa ilikuwa Kigali, ikawa mahali pa kukutania. Watu walikuja kusali, na wenye ndoa zinazoyumba walikuja kusikilizwa na wawili ambao hawakuwa wakizungumza kwa kubahatisha. Walipata pia ruhusa ya kuhifadhi Ekaristi Takatifu nyumbani, jambo lisilo la kawaida kwa familia.

Lakini ukitaka kumwona Daphrose mwenyewe, si mke wa mtu mashuhuri, mtazame sokoni. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mnamo Oktoba 1990, watu wakamiminika mjini wakikimbia mapigano, na idadi ya watoto wa mitaani ikaongezeka. Wanyarwanda huwaita mayibobo. Walilala popote, waliishi kwa kuokota mabaki na kubeba mizigo ya watu, na mara nyingi walifukuzwa kama wezi. Mwaka 1992 Daphrose alianza kuwalisha. Alianza kama mama yeyote angeanza: chungu kinapikwa, watoto wanaitwa, wanakula. Baada ya chakula yalifuata mazungumzo, na baada ya mazungumzo yakafuata maswali ambayo mlezi mzuri huuliza: umetoka wapi, nani amebaki nyumbani, je, ungependa kurudi? Mwanamke ambaye alikuwa na watoto wake kumi angeweza kusema kwamba mikono yake imejaa. Hakusema hivyo.

Katika miaka hiyo hiyo chuki za kikabila zilikuwa zikichochewa waziwazi na vyama, magazeti na redio. Tangu utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, kitambulisho cha Mnyarwanda kilionyesha kama mwenyewe ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Familia ya Rugamba iliukataa ugawanyaji huo. Katika jumuiya yao watu wa makundi yote walisali kwenye chumba kimoja, na Cyprien aliwaomba wenye mamlaka kuliondoa kabila kwenye vitambulisho. Ombi hilo halikusikilizwa. Miezi michache baadaye kadi zile zile ndizo zilizokaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na mstari mmoja ulitosha kuamua nani apite na nani auawe.

Jioni ya 6 Aprili 1994, siku chache tu baada ya Pasaka, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ikikaribia Kigali. Wengi waliosikia habari hiyo walielewa kwamba usiku huo si wa kulala. Nyumbani kwa Rugamba nao hawakulala. Baba, mama na watoto waliokuwapo walikesha wakisali mbele ya Ekaristi.

Asubuhi ya tarehe 7 wanajeshi walifika. Ni asubuhi ile ile aliyouawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, na ile ile ambayo mapadri na vijana waliuawa katika kituo cha Wajesuiti cha Remera. Masimulizi ya waliobaki yanasema kwamba wanajeshi waliifyatulia risasi hata tabernakulo. Kisha waliiua familia. Daphrose alikuwa na umri wa karibu miaka hamsini. Watoto sita kati ya kumi walikufa pamoja na wazazi wao. Wanne walibaki, na ni juu yao kuamua ni kiasi gani cha asubuhi hiyo kinapaswa kusimuliwa.

Kanisa la Rwanda lilifungua rasmi kesi ya kuwatangaza Cyprien na Daphrose kuwa wenye heri mwaka 2015, jimboni Kigali, na sasa wanaitwa Watumishi wa Mungu. Uchunguzi wa jimbo ulihitimishwa mwaka 2021 na majalada yakapelekwa Roma. Afrika ina mashahidi wake wanaojulikana, wale wa Namugongo nchini Uganda na Mwenye Heri Anuarite wa Kongo. Mume na mke wanaofikishwa pamoja kwenye hatua hiyo ni nadra, na Rwanda bado haina mtakatifu wake aliyetangazwa.

Mjini Kigali, kazi iliyoanza kwa chungu cha Daphrose haikufa naye. Ilifufuliwa baada ya mauaji ya kimbari, wakati nchi ilikuwa imejaa yatima, na leo kituo hicho kinaitwa Cecydar, kifupi cha jina lake na la mumewe. Watoto wa mitaani hupokewa hapo, hulishwa, hufundishwa, kisha wafanyakazi wa kituo huitafuta familia ya kila mtoto na kumsindikiza kurudi kwao.