Bwana Nobel na Baruti Iliyogeuka Dawa ya Moyo

Jina la Nobel twalisikia kila mwaka tuzo zinapotolewa. Ajabu ni kwamba wengi hawajui kuwa mwenye jina hilo alikuwa mtengenezaji wa baruti, na ya kwamba uzeeni madaktari walimwandikia baruti yake mwenyewe kuwa dawa. Nimeona nimsimulie leo, maana habari yake inawagusa hata jamaa zetu wanaomeza vidonge vya presha kila asubuhi.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 21 Oktoba 1833. Baba yake, Immanuel, alikuwa fundi mvumbuzi, leo anayo mali, kesho hana. Mwaka 1842 jamaa yake ilimfuata St Petersburg, Urusi, alikokwenda kutafuta riziki. Huko Alfred alisomeshwa nyumbani, na alipofika miaka 17 alikuwa akisema lugha tano. Baadaye alikwenda Paris kujifunza kemia.

Wakati huo Mtaliano mmoja, Ascanio Sobrero, alikuwa amekwisha kuivumbua nitroglisirini, mwaka 1847. Ni maji mazito kama mafuta, nayo hulipuka hata kwa kutikiswa. Sobrero aliyaogopa. Nobel aliyaona kuwa ni biashara.

Biashara hiyo ilianza na msiba. Tarehe 3 Septemba 1864 kiwanda chao kidogo mjini Stockholm kililipuka, na mdogo wake, Emil, akafa pamoja na wengine. Alfred hakuacha. Mwaka 1867 alisajili dinamiti, yaani nitroglisirini iliyonyweshwa udongo mwepesi ili isilipuke ovyo. Ikapasua majabali, ikatoboa njia za reli, na mwenyewe akawa tajiri mkubwa.

Lakini walioishika kazini waliumwa na kichwa, kwa kuwa hupanua mishipa ya damu. Mwaka 1879 daktari wa London, William Murrell, alieleza kwamba kipimo kidogo sana hutuliza maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Mwaka 1896, moyo ukimsumbua, Nobel naye aliandikiwa dawa hiyo kwa jina la trinitrini, ili watu wasitishike. Alifariki San Remo, Italia, tarehe 10 Desemba mwaka huo kwa kuvuja damu ubongoni. Hakuwa na mke wala mtoto. Wasia aliotia sahihi mwaka 1895 uliacha sehemu kubwa ya mali yake iwe ya tuzo.

Baruti itulizeje moyo? Nobel alikufa bila kulipata jibu. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba mshipa uliokwanguliwa utando wake wa ndani haulegei kama ipasavyo. Utando huo ni mwembamba mno, lakini ndio unaouamuru mshipa ulegee. Baadaye ikajulikana kwamba amri yenyewe ni gesi, naitriki oksaidi, na kwamba nitroglisirini nayo hutoa gesi hiyo hiyo mwilini. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa kwa kazi hiyo, na tuzo waliyopewa ni ile ya Nobel!

Miaka kumi kabla yao, mwaka 1988, tuzo hiyo alikuwa ameipata Mskoti James Black, ambaye miongoni mwa kazi zake ni propranololi, dawa ya kundi la betabloka. Dawa hizi huuzuilia moyo nguvu za adrenalini, ukapiga polepole na presha ikashuka. Hata hivyo zile za mwanzo, kama propranololi na atenololi, hazikuonekana kuusaidia sana ule utando wa ndani. Nebivololi, iliyokuja baadaye, huuchochea utoe gesi yake, mishipa ikalegea. Karvediloli nayo hulegeza mishipa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, watu wawili waweza kuwa na presha sawa kwenye mashine, na hali ya mishipa yao isiwe sawa. Simwambii mtu abadili dawa kwa shauri lake. Betabloka ikiachwa ghafla yaweza kuleta maumivu ya kifua, hata mshtuko wa moyo. Nasema tu kwamba ukiwa mbele ya daktari wako, muulize kidonge chako ni cha namna gani, na kwa nini amekuchagulia hicho. Kuuliza si ujinga.